Sikio Halijui Utani

Siku tuliyomzika mume wangu Meinradi, mtani wetu Longino Kihwele alishuka kaburini akalala chali, na mashine ya kufukia ikakataa kufanya kazi. Mashine ile ya kata ina jicho la kujua kama ndani ya shimo kuna kitu chenye joto. Ikimwona mtu hai inasimama, inawasha taa ya njano, inasubiri. Tukasubiri nayo, watu zaidi ya mia, juani, na Longino kule chini kakunja mikono kifuani kana kwamba msiba ni wake.

Alisema hatoki mpaka aletewe jogoo mwekundu. Tena asiwe jogoo wa Wangoni, maana jogoo wa Wangoni huwika huku anakimbia.

Zamani watu wangeshika mbavu. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Mhehe kwa Mngoni, Mngoni kwa Mhehe. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakabakiwa na matusi tu, na matusi hayo wakayafanya dawa ya msiba. Mtani anachimba, anabeba, anavaa koti la marehemu na kukohoa kikohozi chake, anasema maneno ambayo ndugu wa damu akiyasema atafukuzwa. Na mwenye msiba anapaswa kumjibu, amtukane vilevile, watu wacheke, ndipo udongo urudi. Asipojibiwa, utani unabaki unaning'inia.

Wa kumjibu nilikuwa mimi, na sikumjibu. Nilimtazama Longino kama ninavyotazama gunia limelala. Nyuma ya sikio langu la kulia kuna punje, ndogo kama ulezi. Niliwekewa baada ya kundi la Wanyoofu kuchoma ghala la mbegu, pamoja na kila aliyefiwa, na katika kata yetu nani hakufiwa. Punje inaondoa hasira. Walituletea wakasema ni ya mwaka mmoja, tusije tukalipizana visasi, halafu kila mtu arudi kutolewa. Mwaka wa tisa huu. Hakuna aliyerudi kutolewa, kwa sababu ili urudi ni lazima utake. Hawakutuambia kwamba hasira ikiondoka inabeba na vingine. Mume wangu wa miaka arobaini alikuwa ndani ya sanduku, na mimi nilikuwa nawaza kama maharage ya wageni yameiva.

Longino alipoona kimya akazidisha. Ndivyo alivyo mtani, watu wakinuna anaongeza pilipili. Akaketi humo kaburini, akavua kofia, akatutazama mmoja mmoja.

"Wanyoofu nao walikuwa wavivu," akasema. "Wamechoma ghala moja wakaona kazi imekwisha. Wangechoma Wangoni wote, kata ingepumua. Niacheni nitoke humu nikaimalizie mimi."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekemea. Wifi yangu Auleria, dada yake Meinradi, alijifunga kanga vizuri kiunoni akaondoka makaburini bila kuaga. Juu ya nguzo ya njiapanda, lile bakuli jeusi tunaloliita Sikio likawasha taa ya bluu.

Mwishowe kaka yake Meinradi alileta kuku jike mweupe, Longino akatoka, mashine ikafukia.

*

Walimchukua kesho yake asubuhi. Alikuwa bado amevaa koti la Meinradi, kwa kuwa mtani hulivaa mpaka matanga yaanuliwe. Hawakumpiga wala hawakumfunga. Siku hizi hakuna anayepigwa. Mpimaji wa kata, msichana mmoja anaitwa Atupele, alikuja na askari wawili mikono mitupu. Akawaamkia watu wa mkekani, shikamoo, shikamoo, mpaka akaumaliza mkeka mzima, ndipo akamwambia Longino waondoke. Longino akauliza kama huko waendako kuna chai. Akaambiwa ipo. Akasema basi.

Nilimfuata Atupele hadi kwenye mti wa uzio nikamwambia kwamba yule ni mtani.

"Najua, bibi," akasema. "Hata kwetu tuna watani. Lakini Sikio halijui."

Akanieleza polepole, kama mtu anayeelekeza njia. Sikio linapima vitu vitatu. La kwanza ni neno lenyewe. La pili ni sauti iliyolisema. La tatu ni jibu la waliolisikia. Watu wakicheka, neno linapungua uzito. Wakikemea, linapungua pia. Wakinyamaza, Sikio linahesabu kwamba wamekubali, na hapo uzito unapanda. Waliolitengeneza hawakuwa wajinga, alisema. Walikaa na kumbukumbu za mwaka ule wa ghala, wakaona kwamba Wanyoofu waliongea hadharani miezi minane na watu wakanyamaza. Mstari wa hatari ni sabini. Longino alikuwa amefika tisini na moja.

"Mdomo wake ulileta thelathini na nane tu," Atupele akasema. "Zilizobaki ni kimya. Watu mia moja na kumi na wawili, bibi, na hakuna hata aliyeguna."

Nikamuuliza nini kinafuata. Akasema Ijumaa kikao cha Baraza la Uzani, na mchana wake punje ya kina.

Punje ya kina naijua. Tunaye Otmari Mbano, alikuwa fundi wa redio na mchezesha ngoma, mdomo haufungi. Alipatikana na uzito wa themanini, wakamwekea ile inayoingia ndani kabisa, ambayo haitolewi tena. Siku hizi anakaa mbele ya nyumba ya mwanawe anapukuchua mahindi. Ukimpa magunzi matupu anapukuchua magunzi. Mvua ikianza kunyesha anaendelea, mpaka mtu amshike mkono amwingize ndani. Hana maumivu. Ukimuuliza anakwambia hivyo mwenyewe, hana maumivu.

Atupele akaniambia njia ipo moja. Mwenye msiba akienda mbele ya baraza akaeleza, ushahidi wake unaweza kushusha uzito. Ila baraza halipokei sauti yenye punje. Sauti yenye punje imelala, Sikio haliwezi kujua ukweli wake na uongo wake. Ni sawa na kumpima mtu kwenye mizani huku ameshikilia ukuta. Nikitaka kusema, ni lazima kwanza nitolewe.

"Na nikitolewa?"

Akatazama chini. "Utasikia kila kitu, bibi. Cha mzee na cha zamani."

Nikamwambia nitafikiri. Nikarudi jikoni.

*

Msibani watu huzungumza, hata wenye punje. Jioni ile mazungumzo yalikuwa ya Wanyoofu, kwa sababu jina limeshatajwa.

Mzee wa kanisa alisema wale walikuwa wanyama waliotoka mbali, hawakuwa na mama. Jirani yetu mmoja, ambaye shamba lake lilimezwa na mashamba makubwa ya bondeni, akasema kwamba kama mashine za bondeni zisingekausha mto, kusingekuwa na Wanyoofu. Mtu anyimwe maji miaka mitatu halafu utegemee aimbe. Wa tatu akasema hizo zote ni hadithi, watu thelathini na mmoja walikufa ndani ya ghala la mbegu na mlango umefungwa kwa nje, kwisha habari. Kila mmoja alisema lake kwa sauti moja ileile kama anazungumzia mawingu. Hakuna aliyembishia mwenzake. Wakahamia kwenye habari ya viazi.

Mimi nilikuwa naosha vyombo, nikakumbuka bila kukusudia. Walikuja kwetu vijana kumi na wanne, mashati meupe yamepigwa pasi, wakachimba kisima kwa mikono siku sita. Hawakuomba kitu. Walisema watu wa kata hii wamepindishwa migongo na wao wamekuja kuinyoosha. Niliwapikia ugali na kisamvu siku zote sita. Mwanangu Ditram alikuwa na miaka ishirini na miwili, hana kazi, hana maji ya kumwagilia hata bustani. Siku ya pili alichukua sururu akaingia shimoni pamoja nao. Longino pia alishuka, ndiye aliyejenga kuta za kisima. Tulikunywa maji yale tukashangilia. Miezi minane baadaye ghala la watu wa bondeni liliteketea na watu wetu waliokuwa wakifanya kazi ndani yake, na Ditram alikuwa mmoja wa waliookotwa mlangoni.

Ndani ya mlango au nje ya mlango, sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nimeshawekewa punje kabla sijafika kwenye swali.

Auleria alirudi kesho yake kunisaidia kupika. Yeye alikataa punje tangu mwanzo. Mwanawe Xaveria alikuwa mhesabu magunia katika lile ghala, na Auleria alisema hatapewa mtu ruhusa ya kumtoa Xaveria mahali alipo. Kwa hiyo katika mtaa wetu yeye peke yake sauti yake hupanda na kushuka. Watu humkwepa kidogo, kama mtu anayepiga filimbi ndani ya nyumba ya wagonjwa.

Nikamwambia nafikiria kwenda barazani. Akaacha kuchambua mchele.

"Walianza na mzaha, wifi. Umesahau? Walimwiga mwenyekiti anavyotembea, tukacheka. Wakawaiga mabwana wa bondeni wanavyokula, tukacheka. Wakasema siku moja tutawakaanga hawa, tukacheka. Xaveria alikuwa ubavuni kwangu, akacheka mpaka akamwaga uji. Sasa wewe unataka mtu asimame tena mbele ya watu aseme tutawachoma, na sisi tucheke tena?"

Nikamwambia Longino si wao.

"Kisima alijenga nani?"

"Alijenga yeye. Na sisi tukanywa."

"Mimi natapika maji yale kila siku," akasema Auleria, na akarudi kwenye mchele.

Maneno yake yalikuwa na ukweli. Niliuona ukweli huo umekaa pale kama chungu juu ya mafiga. Haukuniuma. Nilichokuwa nacho ni kitu kimoja tu, kwamba kulikuwa na kazi yangu kaburini na sikuifanya, na mtu mwingine anakwenda kuilipia. Kwa kulijua hilo huhitaji moyo. Hata Otmari Mbano akiambiwa ameacha jiko linawaka atakwenda kulizima.

*

Jumatano nilimpelekea Longino chakula kwenye chumba cha ofisi ya kata. Alikuwa ameketi kwenye benchi anatengeneza mguu wa kiti chao uliolegea, hakuna aliyemtuma.

"Mtani, kamwene," nikamwamkia kwa lugha ya kwao. "Nimeleta ugali."

"Jogoo yuko wapi?"

"Hayupo."

"Basi nyie mmenizika kwa kuku jike." Akala. Alipomaliza nikamwambia nitatolewa punje nije nimsemee. Akasafisha vidole vyake kwa muda mrefu.

Akasema niache. Yeye ni mzee, akiwekewa ya kina atapukuchua mahindi na Otmari, watakuwa wawili, ni afadhali kuliko mmoja. Nikamwambia asilete utani. Akasema hapo haleti utani. Mimi nikitolewa, alisema, kitakachorudi si msiba wa Meinradi peke yake. Kisha akanikumbusha jambo ambalo nililijua lakini halikuwa na makali: siku ya ghala watani ndio waliobeba maiti, ndugu hawakuruhusiwa kusogea. Waliobeba ni Wahehe sita, na aliyebaki hai ni yeye tu.

"Na shahidi ana maswali mawili ya mwisho," akasema. "Kila shahidi anaulizwa. Unayajua?"

Nilikuwa nayajua. Je, umewahi kuwasaidia Wanyoofu. Je, unawalaani. Mwenye punje, kama angepokelewa, angejibu hapana na ndiyo na kwenda zake nyumbani. Asiye na punje akidanganya, Sikio linasikia, ushahidi wote unaanguka na anayeshitakiwa anaanguka nao. Akisema kweli, maneno yake yanawekwa kwenye mizani kama ya mtu mwingine yeyote.

"Nyamaza tu, mtani," Longino akaniambia. "Kunyamaza mmeshazoea."

*

Atupele alinitoa punje Alhamisi asubuhi, kwa koleo ndogo kama ya kung'olea miiba. Haikuuma. Akaniwekea kiganjani nikaiona, kijivu, haina hata uzito. Akasema hajui itachukua muda gani, hajawahi kutoa ya miaka tisa. Huenda saa, huenda siku. Akanishauri nisikae peke yangu.

Nikasubiri. Nikapika, nikafagia uwanja, nikakunja nguo za Meinradi nikaziweka kwenye boksi. Hakuna kitu. Nilianza kudhani mimi ndivyo nilivyo, kwamba punje haikuwa na kosa.

Ijumaa nilikuwa natembea kwenda barazani, kokoto likaingia kwenye kandambili yangu. Nililitoa, likaingia tena. Nikasimama katikati ya njia nimekasirikia kokoto. Nikalitupa majanini. Halafu nikaendelea na safari, naogopa.

Baraza lilikuwa watu watatu mezani na Sikio dogo mbele yao, lenye kidirisha cha namba. Mwenyekiti wao alikuwa mwalimu mstaafu mwenye miwani minene. Watu wengi walikuja, wamejaa madirishani, kimya. Longino aliketi pembeni na koti la Meinradi. Auleria nilimwona nyuma kabisa, amesimama karibu na mlango.

Nikaeleza utani ni nini. Nikaeleza koti, na kaburi, na jogoo. Mwenyekiti alisikiliza vizuri. Kidirisha kikashuka kutoka tisini na moja mpaka themanini na tano, kikagoma hapo. Mwenyekiti akasema anaelewa mila, hata baba yake alikuwa na watani, lakini mizani haisomi mila. Kama ule ulikuwa utani, jibu lake lilikuwa wapi?

"Jibu sikulitoa," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na punje yenu."

Akavua miwani akaifuta. Akasema lisilotolewa haliwezi kupimwa. Nikamtazama Longino. Kakonda ndani ya lile koti, mabega yameshuka, macho ameyaweka sakafuni, na ghafla nikaona jinsi koti lilivyokuwa refu kwake, mikono imemfunika hadi kwenye kucha, na nikaikumbuka mikono ya Meinradi. Kitu kikanipanda. Sikukijua kama ni kilio au nini. Kilipofika mdomoni kilikuwa hiki:

"Huyu ndiye wa kuimaliza kata? Huyu Mhehe? Huyu akiona moshi anauliza kwanza mbwa ameiva?"

Longino akainua kichwa taratibu.

"Na Mngoni akiona moshi," akasema, "anauliza njia ya kukimbilia."

"Tukikimbia tunawapita ninyi mliotangulia."

"Tulitangulia kuwachimbia makaburi, maana kwa uvivu wenu mngeoza barazani."

"Kaburi lenyewe limechimbwa na mashine. Wewe umelala tu humo kama mke mdogo."

Mwenyekiti alikohoa. Akakohoa tena, akafunika mdomo kwa daftari, na kile kikohozi kikamshinda kikatoka kama kicheko cha mtu mzima aliyebanwa. Mzee wa kushoto kwake akaambukizwa. Dirishani mtu mmoja akaguna. Kidirisha kikaanza kushuka, sabini na saba, sabini na mbili, sitini na sita. Kikasimama hapo.

Mwenyekiti akavaa miwani yake, akaandika, akasema Longino Kihwele ataondoka iwapo ushahidi utasimama. Kisha akanigeukia. Akayasoma yale maswali mawili kutoka kwenye karatasi, kwa sauti ya mtu anayemaliza misa.

Je, niliwahi kuwasaidia.

Nilikuwa na neno hapana tayari mdomoni. Ni neno dogo. Nikamtazama Atupele, aliyesimama kando ya meza, naye akatikisa kichwa kidogo sana, na mimi sikujua anakataza nini.

"Niliwapikia siku sita," nikasema. "Ugali na kisamvu. Siku ya mwisho niliwachinjia kuku."

Je, ninawalaani.

"Ghala nalilaani. Aliyefunga ule mlango namlaani, awe yeyote. Kisima sikilaani, kwa sababu wajukuu wa mtaa mzima wamekua kwa maji yake, na nikisema nakilaani mtajua nadanganya." Mwenyekiti akadhani nimemaliza. "Mwanangu alikuwa mmoja wao. Mwanangu sijui kama namlaani. Miaka tisa sikuuliza. Nipeni muda niulize, halafu nitawaambia."

Hakuna aliyecheka hapo, wala aliyekemea. Kulikuwa na kimya kilekile, kimya chetu cha siku zote, na Sikio likakihesabu. Namba zilizokuwa za Longino zikafutika, zikaja zangu. Sabini na nne.

*

Longino aliachiwa mchana. Mimi nilipewa mpaka Jumatatu saa tatu. Atupele alinisindikiza hadi njiapanda akanieleza tena, polepole, huku macho yake mekundu. Kwa uzito wangu punje ya kina haikwepeki, isipokuwa aje shahidi aliyefiwa kwa mikono ya Wanyoofu wenyewe, asiye na punje, aseme anachokijua juu yangu. Wa namna hiyo katika kata nzima ni mmoja, na sote tulimjua.

Jumamosi kilio cha Meinradi kikaja. Sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nachota unga nikaona kipimo cha Meinradi, kikombe cha bati alichokitia kishikio mwenyewe, nikakaa chini jikoni na sikuinuka hadi jua lilipofika uwanjani. Sijui nilitoa sauti gani. Majirani walikuja mlangoni, wakanitazama kama nilivyomtazama Longino kaburini, wakarudi makwao. Siwalaumu. Aliyeingia ni Auleria. Hakunishika wala hakunipa pole. Aliketi kwenye kigoda akamenya viazi.

Jumapili baada ya ibada Longino alikuja kurudisha koti, kwani siku hiyo tuliyaanua matanga. Alilikunja vizuri akaliweka juu ya boksi. Nikamwambia akae. Auleria alikuwa pale pale, nami sikumtaka aondoke. Nikamuuliza Longino mwanangu alikuwa upande gani wa mlango.

Hakuleta utani.

"Nje," akasema. "Alikuwa nje, mtani. Nilimtoa mimi. Mikono yake ilikuwa imeungulia kwenye komeo, yote miwili, ikabidi tuibandue." Akainyoosha mikono ya lile koti. "Sijui kama alikuwa analifunga au analifungua. Nimelitazama lile komeo kichwani miaka tisa. Nimetengeneza milango maisha yangu yote, na bado sijui."

Niliyasikia maneno hayo yakiingia mahali ambapo hapakuwa na punje. Niliona mikono ya Ditram, si iliyoungua, ile ya utotoni, yenye tope. Sikuweza kumwombea wala kumkana. Nililia mbele yao, na Longino naye akalia, mzee yule, bila kuficha uso.

Auleria hakulia. Alisimama, akamwaga maganda ya viazi kwa kuku, akakaa uwanjani muda mrefu ametupa mgongo. Nilijua anachokihesabu. Xaveria alikuwa upande wa pili wa ule mlango, na kati yake na mkono wa mwanangu kulikuwa na ubao mmoja.

Aliporudi alisimama kizingitini.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu."

"Watanipa kiti?"

"Watakupa."

Akaokota beseni lake tupu. "Nitasema ulichopika, na nani alikula," akasema. "Nami nilikula. Nitasema hilo. Wakiniuliza kama nimewasamehe nitawaambia hapana, hata mmoja, hata wako. Sikuja kukutetea, wifi. Lakini hawatakufanya gunzi, halafu mimi nibaki kulia peke yangu katika mtaa huu."

Akaenda kwake kupiga pasi gauni.